Barazani kwa Mwalimu: Chai ya Saa Nne



Mwaka uliopita katika ukurasa huu niliwachosha kwa habari za kutunza barua na picha za wazee, na baadhi yenu mkaniletea salamu kwamba mwalimu amestaafu lakini hajaacha kusomesha. Basi mwaka huu kinamama wa kamati wameniagiza jambo jepesi, nalo ni namna ya kuwaalika watu asubuhi waje kutazama mchezo katika televisheni huku wakinywa chai. Nilicheka nilipoagizwa. Nilipokaa na kalamu niliona si jepesi hata kidogo, kwani nyumbani kwangu jambo hili lilitaka kututenganisha ndugu kabla ya kuleta sinia mezani.

Kwanza jina. Vijana wetu hapa Durban wanalo jina lao la Kizungu kwa mlo ambao si wa asubuhi wala si wa mchana. Sisi tuliosoma na kusomesha pwani twaujua tangu zamani: ni chai ya saa nne, kengele ikilia watoto hutoka mbio, na walimu hukaa chini ya mwembe na birika lao. Mimi nitauita hivyo.

Na saa hiyo inatufaa watu wa mji huu kwa sababu ya jua. Durban iko nyuma ya Zanzibar na Mombasa kwa saa moja. Ulaya ya kati, wakati wa kiangazi chao, saa zao ni sawasawa na zetu. Japani wametutangulia kwa saa 7. Kwa hiyo mbio za asubuhi za Ulaya na mchezo wa jioni wa Japani, vyote viwili hutukuta na kikombe mkononi.

Kukusanyika namna hii si jambo geni kwetu. Februari 1974 Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, naye John Walker wa huko huko akimfuata mgongoni, sisi Unguja tuliipata habari redioni, wakubwa kwa wadogo barazani, redio imewekwa dirishani ili na walio ndani wasikie. Nilikuwa na miaka 13. Sikuona hata hatua moja ya mbio zile, lakini ukiniuliza leo nitakusimulia zote. Na vijana msituone washamba: Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi wakati Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, haina televisheni ya aina yoyote. Hapa ilianza rasmi tarehe 5 Januari 1976. Jambo hili huwakumbusha wajukuu kila wanaponionyesha namna ya kushika rimoti.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia Vienna, Austria, akijaribu kuumaliza mwendo wa marathoni, kilomita 42.195, kwa muda usiofika saa 2. Alianza saa 2 na robo asubuhi, yao na yetu. Mke wangu ni mtu wa Mombasa, na kwa watu wa Mombasa Mkenya akikimbia ni ndugu wa tumbo moja, hata akiwa Mnandi wa milimani asiyejua mbaazi za nazi ni kitu gani. Akaalika. Tulikuwa watu 19 katika nyumba yetu ya Overport, wote wetu: dada yangu na wanawe, shemeji na watu wake, wajukuu. Palikuwa na mahamri, mbaazi, viazi vya karai, na chai ya maziwa yenye iliki.

Mimi nilichukua ubao mdogo wa wajukuu nikawafanyia hesabu. Ili amalize kwa saa 2, kila kilomita aipite kwa dakika 2 na sekunde 50 na ushei, yaani mita 100 kwa sekunde 17, tena arudie hivyo mara 421 na zaidi bila ya kupumua. Watoto hawakusadiki. Walitaka kutoka barabarani wapime mita 100 nami nishike saa. Nikawaambia geti limefungwa. Wakakimbia uani, hatua 20 kwenda na 20 kurudi, mpaka mmoja akanaswa na kamba ya kuanikia nguo.

Hapo palikuwa na kosa la kwanza, nami nalitaja kwa kuwa nimeliona katika nyumba nyingi zenu. Mbio za marathoni hazina mapumziko. Mpira una nusu mbili, mtu ataondoka na kurudi; mbio haziondokeki. Sisi wanaume tulikaa, na wanawake wakawa wanapika na kuleta, wanapika na kuleta. Mke wangu, aliyeamka saa 10 za usiku na ambaye shughuli ilikuwa yake, aliona mbio kwa muda wa dakika 6. Alitoka jikoni na mwiko mkononi wakati wale wakimbiaji waliokuwa wakimkingia Kipchoge upepo walipojitenga kumwachia njia, naye akaenda peke yake mpaka kwenye utepe. Saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Shemeji, ambaye hupenda kuipooza furaha kwa kanuni, alitukumbusha kabla mtu hajakaa kwamba haitaandikwa kuwa rekodi, kwa kuwa wakimbiaji 41 walipokezana kumshikia mwendo, maji akaletewa kwa baiskeli, wala hayakuwa mashindano ya watu wote. Alisema kweli. Hakuna aliyemsikia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka.

Mara geti likagongwa.

Alikuwa jirani yetu, mama wa Kizulu, mtu mzima kama sisi, tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta miaka mingi tukisalimiana kwa kupungiana mikono. Amefuatana na mwanawe, na kijana ana rungu mkononi. Walikuwa wamesikia wanawake wanapiga kelele, wakadhani tumevamiwa. Wamekuja kututetea.

Mke wangu akamweleza kuwa ni mtu anakimbia tu, huko Ulaya. Mama yule akacheka, sisi tukacheka. Mazungumzo yote hayo tuliyafanya yeye yuko nje na sisi tuko ndani, vyuma vya geti katikati. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwangu, nami nauhisi. Sikuutoa. Mke wangu akafunga mahamri sita katika karatasi, akayapitisha baina ya vyuma. Mama akashukuru akaenda zake na mwanawe na rungu lake.

Wenye kuikumbuka Aprili 2015 hawataniuliza kwa nini. Kwa watoto waliozaliwa baadaye nitaeleza kwa ufupi. Mwishoni mwa Machi na ndani ya Aprili ya mwaka ule, Waafrika waliotoka nchi nyingine walishambuliwa Isipingo na sehemu nyingine za mji huu. Maduka yalivunjwa, watu waliuawa, na maelfu wakalala mahemani Isipingo na Chatsworth, Wakongo, Wamalawi, Warundi, Waethiopia, Wamsumbiji. Shemeji alipoteza duka lake dogo kwa usiku mmoja. Sisi tulinunua mnyororo na kufuli kwa ajili ya siku tatu. Mnyororo ule ukakaa miaka minne na nusu, nasi tukauzoea hata tukasahau kuwa haukuwa sehemu ya geti.

Usiku ule, baada ya wageni kutawanyika, mke wangu aliniambia neno moja. "Mtu amekuja na rungu kukutetea, nawe wampa mahamri kama apelekewaye mfungwa." Sikuwa na jawabu. Na hata sasa sijui yupi kati yetu alikuwa mfungwa.

Akaamua kuwa tarehe 2 Novemba, wiki tatu mbele, Afrika Kusini ikicheza na Uingereza fainali ya Kombe la Dunia la raga kule Yokohama, majirani wataalikwa. Huko ni saa 12 za jioni, hapa saa 5 kamili za asubuhi. Shemeji alikataa. Alisema raga ni mchezo wa Makaburu, na mgeni hafungui mlango wake kwa sababu ya mchezo wa mtu mwingine. Hoja ya kwanza nilimcheka. Ya pili sikuweza, kwani mimi sikupoteza duka. Tulizungumza kwa simu mara nne, na mara moja mke wangu alininyang'anya simu. Mwisho alisema atakuja, ila atakaa karibu na mlango wa nyuma.

Sasa yale niliyoagizwa kuyaandika, maana wiki ile tulijifunza mengi.

Chakula cha kutazamia mchezo ni kile kinacholika kwa mkono mmoja bila ya kukitazama. Samaki mwenye miba usimlete kabisa. Mbaazi zitiwe katika vikombe na kijiko kidogo, si katika sahani, kwani sahani hupinduka mtu akiruka. Mahamri yawe madogo kuliko ya kawaida na yakae ndani ya kitambaa yasipoe. Sambusa na katlesi hapa zina wenyewe, Wahindi wa Durban wanazijua tangu mababu, kwa hiyo kama huna mkono mzuri nunua tu, hakuna atakayekuuliza. Chai itiwe katika chupa, moja yenye sukari na moja isiyokuwa nayo, maana wagonjwa wa sukari katika umri wetu sasa ndio wengi. Nusu moja ya raga ni dakika 40, na mapumziko hayazidi dakika 15. Chai ya watu 30 haimiminwi kwa dakika 15 na mtu mmoja, weka wawili. Ukialika majirani wasiokula kama sisi, waambie mapema na kwa heshima kuwa nyama ni ya kuchinjwa kwetu, wao walete matunda au keki, wala usingoje mtu afike na mfuko wake halafu umtahayarishe mbele za watu.

Na la muhimu kuliko yote, ambalo mke wangu alilitoa kama amri ya serikali: saa 5 kasorobo jiko lizimwe. Kilichopikwa kimepikwa. Anayetaka zaidi anyanyuke mwenyewe. Televisheni tuliigeuza ikaelekea mlango wa jikoni, viti vya kinamama vikawa vya mbele, na wanaume tukapewa ukutani. Nilisikia manung'uniko, hasa kwa wale ambao hawajapata kuosha kikombe.

Siku ilipofika nilifungua kufuli saa 4, nikautoa mnyororo wote, nikauweka nyuma ya mlango. Mama jirani alikuja na mwanawe na wajukuu watatu, wote wamevaa kijani. Alikuja na mzee mmoja wa mtaa wa pili, katika wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban, ambao wazee wao waliokolewa katika majahazi ya watumwa wakaletwa hapa tangu 1873, wengi wao Wamakua, wakakaa Bluff mpaka walipohamishiwa Chatsworth katika miaka ya 1960. Mzee huyu anaitwa Mzanzibari na hajapata kuiona Zanzibar. Mimi nimezaliwa huko, na hapa naitwa kila jina isipokuwa hilo. Tulikaa pamoja.

Mama jirani alipofunuliwa kitambaa alisema, "Amagwinya!" Mke wangu akasema, "Mahamri." Wakabishana kidogo juu ya iliki, kisha wakaanza kuhesabu: nyama ni inyama, kuku ni inkukhu, watu ni abantu, maji ni amanzi. Miaka yote ile tulikuwa tukipungiana mikono kama mabubu na nusu ya maneno yalikuwa mamoja.

Raga sikuielewa, na mpaka leo naielewa kwa kipande. Kijana wa rungu ndiye aliyekuwa mwalimu wangu siku ile. Alinieleza skramu: watu 8 wa upande huu na 8 wa upande ule huinama wakasukumana kama mafahali, na aliyerudishwa nyuma hupata kosa. Na Uingereza walikuwa wakirudishwa. Aliyewasukuma zaidi alikuwa Tendai Mtawarira, ambaye watu wa hapa humwita "Beast", mtu wa timu ya Sharks ya mji wetu huu. Kila alipoishika skramu, sebule nzima, na mama jirani wa kwanza, waliliita jina lile kwa sauti ndefu kama ng'ombe anavyolia, kama wanavyofanya uwanjani Kings Park.

Ndipo shemeji, kutoka mlango wa nyuma, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu si mtu wa Zimbabwe?"

Ndiye. Mtawarira kazaliwa Harare 1985, na mwaka 2010 uraia wake uliwahi kuulizwa hadharani kama anastahili kuichezea nchi hii, naye akaupata mwaka ule ule. Kijana wa rungu aligeuka akamjibu shemeji bila ya kufikiri, "Ni wa Durban, Baba." Akarudi kutazama.

Shemeji alinyamaza. Sikumwuliza alichofikiri. Mimi nilifikiri kwamba mwenye duka la viatu Isipingo hakupewa skramu ya kusukuma mbele ya dunia ili ajulikane kuwa ni wa Durban, na nilifikiri pia kwamba kijana huyu ndiye aliyekuja na rungu getini kwangu pasipo kuniuliza cheti. Mambo yote mawili ni kweli, na sijaweza kulifanya moja limshinde mwenzake.

Mapumziko yalifika 12 kwa 6. Wamiminaji chai wawili hawakutosha, nami nikawa wa tatu. Nusu ya pili Makazole Mapimpi, naye wa Sharks, akapata trai, ya kwanza ya Afrika Kusini katika fainali yoyote ya kombe lile, kisha Cheslin Kolbe akaongeza, na Handré Pollard kwa mguu wake akakusanya pointi 22. Mwisho 32 kwa 12. Siya Kolisi, nahodha Mwafrika mweusi wa kwanza wa timu ile, alipolinyanyua kombe, vigelegele vilikuwa vya aina mbili, vya Kiswahili na vya Kizulu, na havitofautiani sana. Mara hii hakuna aliyekuja kugonga, kwani aliyekuwa akigonga alikuwa ndani.

Tulisali adhuhuri wenyewe tukiwa tumechelewa, wageni wakatungojea kimya. Tulipotoka watoto hawakuwako. Nilishtuka, mwili haukuwa umesahau. Walikuwa barabarani, wao na wajukuu wa jirani, wamepima hatua 100 kwa chaki, na mkubwa wao ameshika saa yangu. Hakuna aliyefika kwa sekunde 17 isipokuwa binti mmoja wa jirani, wa miaka 13, aliyekimbia miguu mitupu.

Baada ya hapo ukaja ugonjwa wa 2020 na milango ikafungwa kwa amri. Na Julai 2021, mji ulipoporwa na kuchomwa, mtaani kwetu tulikesha usiku kwa zamu kwenye kona, Waislamu, Wakristo na Wahindu, chupa ya chai ikizunguka. Kulikuwa na mitaa ambayo vizuizi vya namna ile viliua wapita njia, na sitajisifu kuwa sisi ni watu wema zaidi. Nasema tu kuwa kila aliyepita kwenye kona yetu kulikuwa na mmoja wetu aliyemjua kwa jina lake, na nusu ya majina hayo mimi niliyajulia kwenye mbaazi.

Mwaka 2025 Simba walikuja hapa hapa Durban. Walikuwa wamewafunga Stellenbosch 1 kwa 0 kwenye uwanja wa Amaan, na mchezo wa marudiano ukaletwa Moses Mabhida, Jumapili ya tarehe 27 Aprili, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Tulikunywa chai ya saa nne watu 40, tukaondoka pamoja kwenda uwanjani. Mimi moyo wangu uko Jangwani tangu utotoni, kwa hiyo nilivaa shati jeupe na kukaa kimya. Mama jirani alivaa nyekundu kutoka kichwani mpaka kiatuni. Haukufungwa mpira wowote, nao Simba wakapita kwenda fainali, ambako RS Berkane wa Moroko walilichukua kombe, jambo ambalo silitii neno. Shemeji ndiye aliyeendesha gari. Sasa anakaa viti vya mbele, na mke wangu hamwondoi.

Kombe la raga litachezwa Australia, Oktoba na Novemba 2027. Sydney watakuwa wametutangulia kwa saa 9, kwa hiyo michezo yao ya jioni itatufikia kati ya asubuhi na adhuhuri, na nyumba yangu haitawatosha wote. Wanaotaka kuchukua zamu wamwarifu mke wangu, si mimi. Walete vikombe vyao. Na anayetaka kujifunza mahamri aje Ijumaa baada ya magharibi, kwani unga haukandwi asubuhi. Hukandwa usiku, ukafunikwa, ukaachwa uumuke.